Mshororo wa Kwanza

Kwenye jaribio la mwisho kabla ya mtihani wa taifa nilikosa swali moja tu la ushairi. Shairi alilitunga Mwalimu Eliud mwenyewe, na mshororo wake wa kwanza ulikuwa huu:

Dada yangu, ng'ombe wangu, boma langu umejaza.

Swali likauliza: taja tamathali ya semi iliyotumika. Tashbiha naijua, ina "kama" au "mithili ya". Tashihisi naijua, kitu kisicho mtu kinapewa utu. Takriri naijua pia. Nikausoma mshororo mara tatu, binti yangu Dorkas akinyonya mapajani pangu, nikaandika: "Hakuna. Mshairi anaeleza jambo lilivyo."

Darasa letu la jioni lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, mtaa wa Iringo mjini, na wengi tulitoka kazini moja kwa moja. Mwalimu alisoma jibu langu kwa sauti, wakacheka.

"Mama Dorkas, pembe umeziacha wapi?" akauliza fundi cherehani aliyekaa nyuma.

"Ni sitiari, Nyangi," Mwalimu akasema taratibu. Yeye amekulia Tanga. "Dada analinganishwa na ng'ombe bila kutumia neno 'kama'. Si kweli kwamba dada ni ng'ombe."

"Kwetu ni kweli, Mwalimu. Kaka yangu Magesa alikuwaga hana kitu. Nilipoolewa, ng'ombe kumi na mbili za mahari yangu ndizo alizoolea."

"Hata hivyo wewe si ng'ombe."

"Sijui, Mwalimu."

Wakacheka tena, na mimi nikacheka. Akaniambia kwa wema kwamba kwenye mtihani niandike sitiari, nisibishane na msahihishaji. Zilibaki wiki tatu. Nilikuwa nimesajiliwa kama mtahiniwa wa kujitegemea, na nikifaulu chuo cha ualimu kingenipokea. Miaka miwili nilikuwa nimekaa kwa shangazi, mtaa wa Mukendo, mume wangu Gasper akiwa Bunda, kwa ruhusa yake.

Jumatano ruhusa ikaisha. Gasper alipiga simu nikiwa naanua nepi.

"Mvua imeshika huku. Pamba inataka kupandwa, mama mgongo umekataa kabisa. Rudi."

"Baba Dorkas, zimebaki wiki tatu."

"Miaka miwili nimekula ugali wa kupika mwenyewe. Wenzangu wananiuliza kama nilioa au nilisomesha."

"Wiki tatu tu."

"Jumamosi nisipokuona, Jumapili niko Butiama kwa Magesa. Nataka ng'ombe zangu."

Hakupaza sauti. Angepaza, ningejua ni hasira na itapoa.

Kesho yake nikapanda gari kwenda Butiama. Nilitaka Magesa, ambaye ni mkubwa wangu, aongee na shemeji yake wakiwa wanaume wawili, amwombee dada yake wiki tatu. Sikutaka kingine.

Eufrasia, mke wa Magesa, aliniona tangu njiani. Akaja mbio na tumbo lake la miezi saba, akapiga magoti kwenye matope.

"Karibu mume wangu!"

"Inuka bwana, utaumia."

"Nisipokupigia magoti wewe nimpigie nani? Huyu Magesa alinioa kwa maneno? Wewe ndiye uliyenioa."

Ni utani wetu. Akamchukua Dorkas, akakataa nisishike hata kikombe. Magesa akarudi kutoka shambani, tukakaa, nikamweleza yote. Alisikiliza akichokonoa udongo kwenye jembe.

"Nyangi, nimwambie nini yule?"

"Mwambie angoje."

"Akisema hangoji? Ng'ombe ziko wapi? Zilienda kwa baba yake Eufrasia, na kule zimeshamwolea kijana wao. Nikamnyang'anye yule kijana mke?" Akaweka jembe chini. "Mimi nakutakia usome, Mungu anajua. Lakini nikiongea vibaya na mtu ambaye ana haki, nitavunja nyumba ngapi?"

Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Alikuwa anaongea kama mtu aliyeshikwa koo, na aliyemshika ni mimi.

Ndani kulikuwa kimya sana. Nikaingia kumchukua Dorkas. Eufrasia alikuwa amekaa kitandani, khanga zake amezikunja vizuri, moja juu ya nyingine. Mtoto wao mkubwa, Bernado wa miaka mitatu, alikuwa amelala pembeni.

"Unafanya nini, wifi?"

"Najipanga mapema." Hakuniangalia. "Ng'ombe zikirudi, mimi narudi kwetu. Huyu Bernado atabaki, najua, ni wa Magesa. Nilikuwa nauliza huyu wa tumboni. Nikijifungulia kwetu, watamfuata akiwa mchanga, au wataniachia kwanza anyonye?"

Nimesoma miaka miwili, na swali lile halikuwa kwenye daftari langu lolote. Nikazichukua zile khanga, nikazirudisha sandukuni.

"Hakuna anayerudi," nikasema. "Naenda Bunda."

Akanilalia begani akalia, nami nikalia, lakini nadhani tulikuwa tunalilia vitu viwili tofauti.

Gasper alinipokea stendi. Alikuwa ametuletea muwa, akammenyea Dorkas, akamrusha juu mpaka akacheka. Si mtu mbaya, na hilo lilizidi kunifunga. Usiposikia mabaya ya mtu, utamkimbia kwa sababu gani? Njiani nikamwomba asubuhi moja tu, ya mtihani wa Kiswahili.

"Kwenda, kulala na kurudi ni siku mbili, na mvua haitusubiri. Mwakani, mama Dorkas."

"Mwakani kweli?"

"Tutaona."

Nililishika hilo neno. Nilimpigia Mwalimu Eliud nikamwambia asiningoje. Akaniambia daftari nisilitupe.

Asubuhi ya mtihani tulikuwa shambani, Gasper akichimba vishimo, mimi nikidondosha mbegu nyuma yake, Dorkas mgongoni. Saa mbili kamili nikasimama.

"Unasikiliza nini?" akauliza.

"Wanagawa karatasi sasa."

Gasper aliniangalia. Akaja, akamfungua mtoto mgongoni mwangu, akamweka begani kwake.

"Pumzika basi kidogo," akasema.

Sikuwa nimechoka.