Ukweni Barabarani

Saa kumi na mbili asubuhi gari la kuazima aina ya Noah lilisimama kando ya daraja la mto Kilombero, injini ikiunguruma. Chini, viboko wawili walitoa masikio majini.

"Mama, umewaona?" Agnella aliuliza.

"Nimeona masikio," Bi Brigitha alijibu kutoka kiti cha nyuma. "Mwambie mumeo azime gari, tungoje mnyama mwenyewe."

Emanuel, mumewe Agnella, alisikia kila neno kutoka kwenye usukani, lakini hakuwa na ruhusa ya kujibu. Kwa jinsi Bi Brigitha alivyolelewa huko Shinyanga, mama na mkwewe wa kiume hawatazamani usoni wala hawasemezani bila mtu kati. Tangu mama huyo afike kwao Ifakara, hata shikamoo ilipitia kwa Agnella.

"Mwambie mama, mbega wa kule Mang'ula tunakokwenda hawangoji. Jua likikolea wanapanda mlimani."

"Mama, anasema—"

"Nimesikia. Mwambie ng'ombe wangu wote hawajawahi kunikimbiza hivi."

Agnella alicheka. Emanuel aliondoa gari.

Bi Brigitha alikuwa amefiwa na mume, na alitaka kurudi Shinyanga na binti yake pamoja na mjukuu, aliyeachwa nyumbani siku hiyo, wakakae naye. Basi lilikuwa kesho. Emanuel alikuwa na siku hii moja ya kumwonyesha kwamba bondeni nako watu wanaishi, ili akubali kuhamia kwao, mtaa wa Lipangalala, na mke asiondoke. Kazini aliendesha lori la miwa. Alijua kuwahi, hakujua kungoja. Sheshe, swala wa bonde hilo, aliwapita kwa mwendo uliomfanya mama mkwe aone migongo tu. Korongo alipotua kwenye jaruba la mpunga, gari lilikuwa limeshamwacha.

"Muulize mumeo, kuna mtu anatufukuza?"

Walipofika kijiji cha Kisawasawa, Agnella aliteremka kununua ndizi. Wakabaki wawili garini. Emanuel alipiga vidole kwenye usukani, akashusha kioo, akakipandisha. Muuza ndizi alikuwa anatafuta chenji. Kukaa pale na mama mkwe bila mtu kati kulimshinda, akasogeza gari mbele kidogo kutafuta kivuli, kisha kidogo tena, hadi kona ikawaficha wasionekane kutoka kibanda cha ndizi.

Mbele ya kona, tembo watatu walikuwa wanavuka barabara, wakitoka mashambani kurudi mlimani. Wa mwisho alikuwa jike mwenye ndama. Ndama alisimama katikati ya lami akanusa tairi la baiskeli lililotupwa. Mama yake akageuka, masikio yametanuka, akalitazama gari.

Kwenye mashamba ya miwa tembo hufukuzwa kwa honi na mabati. Mkono wa Emanuel ulikwenda kwenye honi wenyewe.

"Emanuel." Sauti ilitoka nyuma ya shingo yake, bila kupitia kwa mtu. "Toa mkono hapo. Mwenye mtoto hapigiwi kelele. Zima."

Alizima. Mikono akaiweka magotini. Jike alipiga hatua mbili kuwaelekea, akasimama, akapuliza vumbi. Ndama alimalizana na tairi kwa muda wake mwenyewe, akamfuata mama yake kwenye majani.

Agnella alifika akikimbia, ndizi kifuani.

"Kwa nini mmeniacha? Watu wanasema tembo!"

"Wamepita," Bi Brigitha alisema. "Panda."

Emanuel aliwasha gari, akaliacha lisimame pale pale.

"Mwambie mama nasikitika. Na muulize, atakaa nasi?"

"Mama, anauliza utakaa?"

"Hapa? Mahali tembo anatembea kama mwenyekiti wa kijiji? Sikai." Bi Brigitha alimenya ndizi, akampa binti yake nusu. "Ila wewe baki. Nilikuja kuona kama mtu huyu akiambiwa anasikia. Mimi nitakaa na Balbina, binti wa shangazi yako."

Akatoa simu, akampigia Shilinde, shemeji yake kule Shinyanga, akamwambia aende stendi kumpokea mtu mmoja tu, si watatu.