Kilo Sitini na Nane

Jumamosi hiyo Nashon alifika kwenye shimo la saba la uwanja wa gofu akiwa na mkoba wa fimbo kumi na nne begani, taulo lenye unyevu shingoni na ugali wa jana tumboni. Alikuwa kedi kwa mwaka wa kumi na moja, na kazi ya kedi ni kubeba mkoba wa mwanachama, kutafuta mpira uliopotea na kunyamaza. Mwanachama wake, Bwana Kiragu, alikuwa ameupiga mpira mara tatu, na mara zote tatu haukufika mbali kuliko hasira zake.

Kiragu alitumia mikono tu, kama mtu anayefukuza mbwa. Nashon alivumilia mpaka akashindwa, akafanya kosa ambalo kedi wa Gatwekera, kule Kibera, hulifanya kila mwaka: akamfundisha mtu bure.

"Mzee, achana na mikono," alisema. "Power inatoka chini. Kunja magoti kidogo, mgongo ukae straight. Weka uzito mguu wa kulia, alafu ukishuka uusukume wote kushoto. Kiuno kianze, mikono itafuata tu."

Akaweka kiganja kwenye nyonga ya Kiragu, akaisukuma. Kiragu akazungusha fimbo. Mpira ukapaa juu ya mikaratusi, ukaanguka yadi mia mbili na themanini kutoka pale. Nashon alihisi kitu kikimtoka kwenye nyayo taratibu, kama jerikeni iliyolegea kifuniko. Kiatu cha Kiragu kilizama nyasini hadi kwenye kamba. Cha Nashon hakikuacha alama.

"Hiyo ndiyo," Kiragu alisema. "Shika tena hapo."

Siku hiyo alishika mara kumi na mbili.

Akirudi nyumbani alimpitia Musyoka, ambaye hutoka Kawangware kila asubuhi na mizani yake ya bafuni kuja kupima watu kando ya barabara. Mwezi uliopita Nashon alikuwa kilo sitini na nane. Sasa mizani ilisoma arobaini na moja.

"Ni stress?" Musyoka aliuliza.

"Nilirekebishia mzee fulani swing ya gofu."

"Aah." Musyoka alifuta mizani kwa kitambaa. "Hao wazee wa klabu hubebanga. Jirani yangu Ndululu huwapikia. Walibeba ulimi wake, saa hii hata chumvi hasikii. Zifuate kilo zako mapema, kabla hazijazoea huko."

Nashon alizihitaji kilo hizo kabla ya Jumatatu ya wiki ya tatu kuanzia hapo. Siku hiyo, mara moja tu kwa mwaka, klabu huwaruhusu makedi kucheza, na mshindi hupewa kibali cha kufundisha gofu. Huweka mkoba chini akaitwa mwalimu. Nashon alikuwa ameshika nafasi ya pili mara mbili, zote kwa pigo moja. Mkewe, Nereah, alikuwa tayari amemnunulia shati la mtumba lenye kola, maana asiye na kola haruhusiwi kuingia.

Jumamosi iliyofuata alimwambia Kiragu kuhusu kilo zake.

"Kwani mimi ndio nilichukua?" Kiragu aliuliza. "Si wewe ulileta mkono?" Kisha akalainika, kwa kuwa hakuwa mtu mkali. "Acha nimalize kombe la kapteni, alafu tutaongea. Na ukule vizuri, Nashon." Akampa nusu ya sandwichi yake, kisha akamgeuzia nyonga. Makedi arobaini walikuwa langoni wakisubiri mkoba wowote. Nashon akashika.

Alikwenda kwa Kilonzo, msimamizi wa makedi. Kilonzo alilamba kidole, akapekua kitabu cha kanuni. Kulikuwa na mipira iliyopotea, miavuli iliyosahaulika na glavu.

"Uzito hakuna," alisema. "Lakini kedi kugusa mwanachama, hiyo iko. Ukurasa wa tisa. Sitaiandika, juu ya vile nakujua."

Kiragu alishinda kombe la kapteni. Nashon alibaki na kilo nne. Kule Gatwekera, Nereah alipanda juu ya kigoda, akashusha mawe mawili yaliyokandamiza mabati ya paa, akamtia mumewe moja kila mfuko wa koti, upepo usimchukue. Jirani alimwomba tu asipite karibu na nguo zake zilizoanikwa.

Jumatatu ilipofika Kilonzo alimpekua Nashon, akayatoa mawe. Vifaa vya kumwongezea mchezaji nguvu vilikuwa ukurasa wa kumi na mbili.

Nashon alisimama mbele ya mpira. Miguu upana wa mabega, magoti yamelegea, mgongo umenyooka. Alivuta fimbo nyuma, kiuno kikaanza, mikono ikafuata. Hata wasiompenda walikubali kwamba swing safi kama hiyo haijawahi kuonekana uwanjani hapo. Fimbo iliposhuka, yeye alipaa. Alizunguka mara mbili hewani, kimo cha meza, akatua taratibu. Mpira ulibingirika hatua kumi na moja.

Kwenye shimo la nne aliondolewa kwa kuchelewesha wengine.

Kibali alikichukua kedi mwingine. Aliyemkabidhi alikuwa Kiragu, na mbao za baraza zililia chini ya viatu vyake. Katika hotuba yake alisema makedi wana ufundi lakini hawana mwili, na hilo ni jambo la kusikitisha. Walipiga makofi. Nashon naye alipiga, akijichukia kwa kila kofi.

Ijumaa wingu likakaa juu ya Kibera. Nereah alimwangalia mumewe, kisha akaangalia bati lililokuwa likigongagonga juu ya kitanda cha binti yao.

"Baba Adhis," alisema, "mawe ni mawili."

"Rudisha," Nashon alisema.

Jumamosi Nereah alimsindikiza hadi kwenye lango la klabu akiwa amemshika mkono wa shati, lile lenye kola. Mkoba wa Kiragu ulikuwa umesimama nyasini. Wenzake wawili waliuinua, wakampitishia kamba begani. Nyayo zake zikashuka, zikagusa chini. Tangu jana, mawe yaliporudi kwenye paa, hakuwa amesimama hivyo, na ilimuuma kwamba alifurahi.

Kwenye shimo la kwanza Kiragu alikunja magoti, akanyoosha mgongo, akamgeuzia nyonga.

"Shika hapa," alisema.

Zilikuwa zimebaki kilo nne. Nashon akashika.