Mguu wa Kushoto wa Fundi

"Mama, keti kwanza ndipo nikupe mtoto," binti alisema, kwa adabu zote.

Fundi cherehani akaketi, akampokea mjukuu wake, akamsifia kope. Lakini maneno yale yalimchoma kama mwiba wa samaki. Yeye ambaye hakuna kilima mtaani kilichowahi kumtoa jasho, leo anakalishwa kama mgonjwa. Na sababu aliijua. Juzi, akiwa amembeba mtoto, aliinua mguu kuvuka beseni la nguo uani, akayumba, bega likagonga ukuta. Mtoto hakuguswa. Lakini binti aliona, na tangu hapo akawa analala jicho moja wazi.

Alasiri wifi yake akaja kuchukua sketi. Huyu hupiga deki ngazi za jengo la ghorofa, na ulimi wake hauna mlango.

"Wifi, nasikia unapepesuka. Umekunywa nini na hukunibakishia?"

"Ni macho tu. Nitabadili miwani."

"Hayo macho ndiyo unayosimamia? Hebu simama kwa mguu mmoja."

Fundi akasimama kwa wa kulia, imara kama nguzo. "Umeona?"

"Sasa huo mwingine."

Alipouhamia wa kushoto, chumba kizima kikainama. Akadaka cherehani.

Wifi hakucheka, na hilo ndilo lililomtisha fundi. Wifi akachungulia chini ya meza. Kanyagio la chuma lilikuwa linang'aa upande wa kulia. Upande wa kushoto limelala vumbi. Miaka yote fundi alikanyaga kwa mguu mmoja, ule wa pili akiukunja chini ya kigoda, akidhani anautunza.

"Huo wa kushoto ni mgeni humu ndani," wifi akasema. "Anakula, analala."

"Na kutembea kwangu kote?"

"Ukitembea, mwenzake anawahi kumpokea. Ukivuka kitu, anabaki peke yake na mzigo."

Tangu siku ile fundi akakanyaga kwa wa kushoto. Mishono ilikwenda upogo. Mteja mmoja alirudisha suruali akisema mfuko umelewa. Kila asubuhi fundi aliinuka kigodani bila kujishikiza, kisha akasimama kwa mguu ule mvivu, paja likitetemeka. Fundi hakumwambia binti neno. Aliona haya kuomba aaminiwe na mtu ambaye yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha kutembea.

Mtoto alikuwa ameshakaza shingo fundi alipomwendea binti barazani.

"Nipe nikiwa nimesimama."

Binti akamtazama, si usoni, miguuni. Kisha akampa.

Fundi akaanza kushuka ngazi za baraza. Akapeleka wa kulia mbele, uzito wote ukabaki juu ya wa kushoto. Paja likatetemeka, likashika. Akashuka nyingine. Binti alimfuata nyuma, mikono ameikunjua kama anayengoja ukuta uanguke.

"Shusha mikono hiyo, mwanangu."

Binti akashusha mmoja.