Kijiko Alipokataa Maji

Nyinyi wenye watoto wadogo, someni hili kabla hamjachota maji ya kesho. Mimi si msomi, niliishia la saba, lakini hofu niliyoipata sitaki impate mzazi mwingine.

Binti yangu tunamwita Kijiko kwa sababu tangu aanze kukaa, kijiko hakimtoki mkononi. Hakuwa na shida ya kula. Mara akaanza kukataa maji. Ukimpa kikombe anageuza uso, ukimlazimisha anatema. Uji nao vilevile. Midomo ikamkauka, tumbo likawa linamsokota, mimi usingizi ukanipaa.

"Anadeka huyo," alisema mama mkwe. "Mke mwenzangu anataka soda, na babu yake mfukoni hamna kitu!" Akamtekenya, kisha akambana pua ameze. Mtoto akalia. Mama mkwe akanigeukia: "Na wewe dumu hulioshi vizuri. Linanuka dizeli."

Hapo ndipo kosa letu lilipolala. Kisiwa chetu kiko mbali, boti huja kwa nadra, hatutupi kitu. Madumu yote tunayochotea maji yalitoka kituo cha jenereta, yalikuwa ya mafuta. Maji yenye harufu kidogo tumeyazoea. Kwa hiyo yalipozidi kunuka, kila nyumba ililaumu dumu lake. Langu nililisugua kwa mchanga na sabuni mpaka viganja vikachubuka. Jirani naye dumu lake alilianika juani likapinda. Harufu iko palepale, na maneno ya mama mkwe yako palepale.

Ndipo wakaja wapimaji kukagua matangi ya mafuta yaliyofukiwa pale kituoni tangu mume wangu hajaota meno. Mkubwa wao alikuwa dada mmoja mwenye buti za mpira. Anazungusha chuma ardhini, anatoa udongo, anaunusa, anautia kwenye chupa. Watu hawakukawia kumpa jina: Bi Mashimo.

"Bi Mashimo, umepoteza hereni?" wakamtania.

"Nyinyi ndio mliofukia," akajibu. "Mimi nafukua tu."

Shimo la kwanza alichimba kando ya matangi. Udongo ukatoka mweusi, unanuka. La pili akasogea kidogo, nalo hivyo hivyo. Mwanzoni nilitazama kama watu wanavyotazama mpira. Lakini kila akihama anafuata mteremko, na chini ya mteremko ndiyo nyumba yetu, na nyuma ya nyumba yetu ndiyo kisima. Nikambana Kijiko kifuani. Kicheko kikanikatika.

Alipoingia uani jasho lilikuwa linamtiririka. Mama mkwe akamletea maji, si mgeni huyo? Dada akakisogeza kikombe puani, akakirudisha taratibu.

"Samahani, Mama. Haya sitakunywa."

Mama mkwe akakunja uso. "Maji yetu yana nini? Ni dumu tu hilo, mwanangu. Mkwe wangu hajui kuosha."

Nilitamani ardhi inimeze.

"Basi dumu tuliache," akasema dada. Akatoa chupa mpya ya kioo, akaifunga kamba, akaishusha kisimani mwenyewe. Ikapanda imejaa maji safi kabisa kwa macho. Hakuyanusa. Alimpa mama mkwe.

Mama mkwe akanusa. Akanusa tena. Akaviangalia viganja vyangu.

"Haya hayajagusa dumu," akasema polepole.

"Matangi yanavuja, Mama. Mafuta yamepita chini kwa chini mpaka hapa. Msinywe, msipikie, wala msimwogeshee mtoto."

Mama mkwe akakaa chini pale pale, kwenye kizingiti. "Mke mwenzangu," akamwambia Kijiko, "kumbe ulikuwa unasema nasi."

Kisima kilifunikwa kwa mbao siku ile ile. Matangi wameahidi kuyafukua. Zahanati wamempima Kijiko, wanasema tumbo litatulia, ila nimrudishe wamwangalie tena. Nitamrudisha hata wakinichoka.

Kwa hiyo nawaambia: mtoto akikataa maji, usikimbilie kusema anadeka. Chota kwa chombo ambacho hakijawahi kubeba mafuta, unuse mwenyewe. Ukiona harufu bado ipo, usisugue dumu. Piga kelele.

Jioni ya siku ile kisima kilipofunikwa, mama mkwe alikwenda mwenyewe shuleni, kwenye simtanki la maji ya mvua, akarudi na ndoo kichwani, shingo inamtetemeka. Sikuthubutu kumpokea. Akamimina kikombe, akapiga magoti mbele ya Kijiko. Mtoto akarudi nyuma, mkono puani. Nikataka kumshika kichwa anywe.

"Mwache," akasema mama mkwe. "Mwache anuse kwanza."

Kijiko akanusa. Akamtazama bibi yake kwa muda. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili, akanywa mpaka kikamfunika uso.

Mama mkwe akanyoosha mkono bila kugeuka, akakitafuta kiganja changu, akakishika.