Siku Mkwe Wangu Aliponitukana

Mimi sitaniwi ovyo. Muulizeni yeyote kanisani kwetu hapa ugenini, Stafford, atawaambia: Mama Émile ukimsalimia umekaa, utasimama mwenyewe. Kwa hiyo mkisikia kwamba mkwe wangu alinitukana mchana kweupe, mbele ya kwaya nzima, nami nikapiga vigelegele, msidhani nimerukwa na akili.

Clothilde, mke wa mwanangu, alijifungua mapacha, wavulana wawili wanono. Tangu atoke hospitali alikuwa amenyamaza. Si kununa, kununa nakujua. Huyu alikaa kitandani akitazama ukuta. Ukimpa mtoto ananyonyesha, akimaliza anakurudishia bila kumtazama usoni. Daktari alimwandikia dawa, akawa anazimeza, nikamsifu. Nikahamia kwake, nikashika jiko: sombe, yaani majani ya muhogo kwa mawese, uji, samaki. Sahani zilirudi zimejaa. Émile mwanangu, mwanaume wa mabega haya, nilimkuta analia ndani ya gari. Niliogopa. Niliogopa kweli kwamba tutampoteza huyu binti huku tunamwangalia.

Ndipo nikajipiga paja. Kumbe hatujawacheza watoto!

Kwetu Uvira mapacha hawapokelewi kimya. Wanawake wanakusanyika kuwacheza: wanaimba matusi, matusi yenyewe, ya chini ya kitovu. Baba anatukanwa, bibi anatukanwa, na mama wa mapacha ana haki ya kumjibu yeyote. Siku hiyo hakuna mkubwa. Bibi yangu alikuwa akisema asiyechezewa bado hajamaliza kuzaa.

Shida ni kwamba anayeongoza lazima naye awe amezaa mapacha, na hapa tulikuwa na Mama Zoé peke yake, kiongozi wa kwaya, mwanamke ambaye hata neno "tumbo" analisema kwa kunong'ona.

"Shindwa, Mama Émile!" alinijibu kwenye simu. "Sisi watu wa wokovu tuimbe mambo hayo?"

"Kwani wewe kule kambi ya wakimbizi hukuchezewa?"

Nikasikia anacheka, kicheko cha msichana kabisa. "Walimtukana marehemu mume wangu mpaka akajificha chooni."

"Basi njoo."

Jumamosi mchana wakaja wanawake wa kwaya, vitenge vimekazwa kiunoni, sinia za alumini mkononi badala ya ngoma. Tukamkalisha Clothilde kwenye kiti nje, penye maegesho ya magari, mtoto kila paja. Mama Zoé akafumba macho kama anayeanza sala, akafungua kinywa. Mungu wangu! Yaliyotoka humo siwezi kuyarudia. Émile alitukanwa kuanzia kipara hadi yaliyo chini ya mkanda, na kina mama wakaitikia kwa sauti nne, vizuri kabisa, kama zaburi. Majirani Wameksiko wakatoka kwenye baraza zao wakapiga makofi. Hawakuelewa kitu, heri yao.

Clothilde alitazama chini tu. Wimbo ukazunguka, ukafika kwangu, nikatukanwa miguu na ukoo. Bado hakuinua uso. Nikacheza hadi mbele yake, nikainama, nikamwimbia mimi mwenyewe:

"Mkwe wangu mvivu, kitanda kimemuoa!"

Akainua uso. Sauti ikamtoka, inakwaruza:

"Mama mkwe ana matako ya friji! Akiingia jikoni kwangu, mimi nitapita wapi?"

Sinia zikanyamaza. Clothilde mwenyewe akang'ata mdomo. Wote wakanitazama mimi, nisiyetaniwa.

Nilitaka kukasirika, nawaambieni ukweli, maana neno lilinigusa. Jikoni kwake nilikuwa nimejaza kila pembe. Lakini macho ya mtoto wa watu yalikuwa hai, yananiogopa na kunicheka kwa pamoja. Nikageuka, nikamtingishia hilo friji lenyewe.

Akacheka! Akacheka mpaka watoto wakarukaruka mapajani, mpaka machozi yakamtoka, na mimi yangu. Akambusu mkubwa. "Bukuru," akamwita. Akamgeukia mdogo. "Na wewe, Butoyi, mbona umefanana na huyu bibi mwenye kelele?" Hayo ndiyo majina ya mapacha kwetu, na hadi siku hiyo hakuna aliyekuwa ameyatamka.

Kisha akasimama, akamkabidhi Émile watoto wote wawili.

"Nina njaa," akasema. "Nitajipikia mwenyewe."

Akanipita akaingia jikoni kwake, nami nikabaki nje na friji langu, napiga vigelegele.