Hasi Tisa kwenye Safu ya Mkate

...hasi tisa, saa hasi tisa, tena kwa wekundu, na mwalimu wa kompyuta amesimama nyuma ya kiti chake anacheka chinichini, anasema kwa hesabu hizi mkate umeondoka kabla haujaiva, darasa zima kicheko, haya, chekeni, mkate wetu lakini mnaula, saa kumi na moja alfajiri mkate unatoka tanurini, saa mbili asubuhi gari linaondoka, kaandika kumi na moja, kaandika mbili, kakosea wapi... mwalimu anasema andika tano na nane, mama, kompyuta haijui saa zetu, basi na ijifunze, mbona yeye anajifunza na miaka yake hamsini na mbili, aandike tano halafu shangazi aisome vipi, shangazi anayekanda unga tangu saa nane usiku mpaka vidole vinavimba, na kaka anataka kumwondoa mwisho wa wiki, eti mzito, eti ndiye anayefanya mkate ufike madukani umepoa, alisema hivyo mchana kweupe, mbele ya shangazi mwenyewe, shangazi aliyewalea, naye akainamia sahani yake, na wewe je, anajiuliza, si ulinyamaza, ulinyamaza kama mgeni, aibu iliyoje... hapana, ngoja, kuna ile fomula ya sharti waliyofundishwa juzi, jibu likiwa chini ya sifuri, ongeza kumi na mbili, kidole kimoja kimoja, mabano, mkato, mwalimu anasema mama, tunaendelea, endeleeni, nani kawashika... tatu. Tatu nyeusi, imetulia. Aishushe safu nzima, Jumatatu tatu, Jumanne tatu, Jumatano tatu na nusu, lakini saa tatu hizi ni za nini, unga umeshakandwa, mkate umeshaiva, hizi ni za mkate kukaa kwenye makreti mlangoni ukipoa, ukimsubiri dereva, na dereva ni nani kama si kaka, kaka huyohuyo, anayeamka jua limeshapanda... mwezi mzima anatafuta kasoro kwenye mikono ya shangazi, kumbe kasoro imelala kitandani kwake. Mwalimu ananyoosha mkono kwenye kibodi, anauliza afute waanze upya.

"Usiguse, mwalimu," anasema, na sauti yake inamshangaza mwenyewe. "Hii naenda kumsomea kaka yangu, shangazi akiwepo."

Mwalimu bado kasimama palepale, huko nyuma mtu bado anacheka, yeye anapanda juu kabisa ya safu, kwenye kisanduku cha kichwa, anaandika kwa herufi kubwa: KUMSUBIRI KAKA.