Juu, Kulia, Chini, Kushoto

Siku ya kumi na moja miguu ya Kamba ilikuwa imeshaacha kulalamika. Ilikuwa inakwenda tu, kama punda aliyekata tamaa ya kufika.

Kamba si jina alilopewa na wazazi. Alibandikwa na Mama Tochi siku ya kwanza ya kazi, kwa kuwa yeye ndiye aliyebeba kamba ya mita sita yenye fundo kila ncha, na jina likamganda kama gundi ya seremala. Mama Tochi naye alikuwa nesi wa macho, mtu mzima, kiuno kimeanza kumgomea, tochi ndogo ikining'inia shingoni mchana kutwa. Walikuwa wawili tu. Gari liliwashusha asubuhi, likaja kuwazoa saa kumi, na katikati ya hapo ni wao na milango ya watu.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi kuisimulia. Katika kila mtaa uliochaguliwa, walitakiwa wapite nyumba kwa nyumba mpaka wapate watu hamsini waliotimiza miaka hamsini au zaidi, wawapime macho. Anayepimwa hukaa kwenye kigoda na kushika ncha moja ya kamba. Kamba hushika ya pili, anarudi nyuma mpaka ikaze, kisha ananyanyua kadi. Kwenye kadi kuna herufi moja iliyokaa kama kitana cha meno matatu, na mtu anaonyesha kwa mkono meno yameelekea wapi. Mara tano. Akipatia nne, jicho hilo linaona. Mama Tochi husimama ubavuni mwa mtu, anaziba jicho moja, anaandika kwenye simu. Asiyeona kwa mita sita husogelewa mpaka tatu, akishindwa hata kwa moja, humulikwa tochi.

Hesabu ikikamilika inakwenda kwa wakubwa, na upande utakaoonekana una wasioona wengi ndio utakaoletewa madaktari wa kupasua mtoto wa jicho. Upande utakaoonekana mzima utasubiri.

Kamba alijua maana ya kusubiri. Zamani hesabu kama hiyo ilipita kwao, siku ambayo mama yake alikuwa ameenda kuteka maji. Wahesabuji hawakurudi. Wakaandika "hayupo", wakaendelea na safari yao. Mama yake bado yupo, na sasa anatambua watoto wake kwa mlio wa ndala. Ndiyo sababu Kamba, aliyeishia darasa la saba, alipoambiwa kwamba aliyekuwa ashike kamba ameugua na anatafutwa mtu mvumilivu, hakuuliza swali la pili.

Mtaa wa tisa ulikuwa wa nyumba zilizozunguka ua mmoja. Ilikuwa nafuu kubwa, maana wazee wa milango yote walikaa kwenye benchi refu ukutani wakangoja zamu, na kigoda hakikuhitaji kuhamishwa. Jua lilipofika utosini walikuwa wamepima watu arobaini na sita. Wasioona walikuwa wawili.

"Mtaa huu umelishwa karoti," Mama Tochi alisema, akijipepea kwa daftari. "Wawili tu. Haya, bado wanne tukaoshe miguu."

Wa arobaini na saba alikuwa Fundi. Alishona nguo miaka arobaini kwenye dirisha lililotazama uani, na cherehani yake ilikuwa palepale, imefunikwa kitambaa safi. Mkamwana wake, mwanamke mkimya mwenye unga mikononi, alimshika kiwiko mpaka kwenye kigoda.

"Niache, mama, najua njia," Fundi alimwambia. "Uani mwangu mwenyewe."

Alishika fundo, akanyoosha mgongo kama anayepigwa picha. Kamba akarudi nyuma, kamba ikakaza, akanyanyua kadi, meno juu.

Mkono wa Fundi ukaenda juu.

Hapo mbu wa mchana akamuuma Kamba kwenye kisigino. Akainama kidogo kujikuna kwa ncha ya kadi ileile, akairudisha hewani, bado hajaigeuza. Meno yalikuwa juu kama mwanzo.

Mkono wa Fundi ukaenda kulia.

Kamba akasimama vilevile. Hakuigeuza kadi. Mkono wa Fundi ukashuka chini, ukaenda kushoto, ukapanda juu tena, taratibu, kwa heshima zote, kama mtu anayesali sala aliyoizoea.

"Nne, tano," Mama Tochi alihesabu, macho kwenye simu. "Jicho la kulia linaona. Tuzibe hili."

Kwenye benchi, Mama Mkaa, jirani aliyeuza mkaa mlango wa tatu, akatikisa kichwa kwa kuridhika kama mwalimu siku ya matokeo.

Kamba akaitazama kadi mkononi mwake. Juu, kulia, chini, kushoto, juu. Ndivyo alivyokuwa akigeuza. Siku za mwanzo alichanganya kama alivyofundishwa, kila mtu na wake. Lakini mkono ukichoka unajitafutia njia ya mkato, na wake ulikuwa umeipata bila kumwuliza. Kila mtu, kila jicho, mpangilio mmoja. Na benchi zima lilikuwa limekaa linatazama tangu asubuhi.

Angeweza kunyamaza, maana hakuna aliyeona. Walibaki watatu tu, kisha wapumzike mpaka gari lije. Na kosa likijulikana, watasema nini juu ya mtu wa darasa la saba aliyepewa kadi ya madaktari?

"Mama," alisema, "naomba tupumzike kidogo."

"Sasa hivi? Bado jicho moja."

"Naomba, mama."

Walisimama nyuma ya pipa la maji. Kamba akasema yote kwa sauti ndogo, akiangalia vidole vyake vya miguu. Mama Tochi alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, nesi akakaa kwenye tofali, akavua kiatu kimoja, akakikung'uta ingawa hakikuwa na kitu.

"Tangu lini?"

"Tangu mkono ulipoanza kuuma. Mtaa wa saba."

"Huu ni wa tisa."

"Ndiyo, mama."

Mama Tochi akakigeuzageuza kiatu mkononi.

"Ningekugombeza," alisema mwishowe, "lakini na mimi nilikuwa nimesimama pale natazama nini? Nilikuwa nahesabu mikono, kadi siiangalii. Mtu akinyoosha mkono, naandika." Akavaa kiatu. "Mimi nina vyeti vitatu vya kazi hii, Kamba. Wewe umeona kwa macho yako mawili. Twende."

Kuwaeleza watu wa benchi halikuwa jambo jepesi.

"Turudie?" aliuliza mzee mmoja. "Sisi si tulishafaulu?"

"Haukuwa mtihani, baba. Hakuna kufaulu."

"Kama si mtihani, mbona unahesabu tulizopata?"

Mama Mkaa akakohoa. "Basi niseme tu. Mimi ndiye niliyewapigisha tuisheni. Nilimwona huyu binti anavyogeuza, nikaona aibu wazee wetu wakosekose mbele ya wageni. Nikawanong'oneza. Hata huyu bibi hapa asiyeona mkono wake alipata tano."

"Nilipata tano," bibi alithibitisha.

Wengine wakacheka. Kamba naye angecheka, kama si kwamba bibi huyo alikuwa ameandikwa mzima, macho yote mawili.

"Sikilizeni," Mama Tochi alisema. "Mkifaulu ninyi, madaktari watapita kule barabarani wanawapungia mkono, wanakwenda kwa waliofeli. Mficha maradhi mnajua mwisho wake."

Mmoja mmoja wakaanza kujipanga upya. Fundi peke yake alibaki kwenye kigoda, fundo bado mkononi, uso umekaza.

"Mimi nimeshapimwa," alisema. "Jicho moja linatosha."

Kamba akaenda akachutama mbele yake. "Shikamoo tena, mzee."

"Marahaba. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi. Kosa ni langu, nakuomba unisaidie kulifuta."

Fundi akapapasa fundo la kamba kwa vidole, kama anayekagua ushonaji. Kisha akainamisha kichwa na kushusha sauti. "Mwanangu akisikia baba haoni, ile cherehani itaondoka pale dirishani kesho yake, na mimi nitapelekwa chumba cha nyuma. Sasa hivi bado ni fundi. Watu wananiletea suruali. Ukiniandika, mjukuu, nitakuwa mzigo."

Mkamwana alikuwa amesimama mlangoni. Sauti ya Fundi haikuwa ndogo kama alivyodhani.

"Baba," alisema.

"Nani kakuita?"

"Hakuna." Akajifuta unga kwenye kanga, polepole, kidole kwa kidole. "Suruali zako nazifumua, baba. Ukilala mchana. Nafumua, nashona upya, nazikunja kama ulivyozikunja. Mwaka wa pili sasa. Na mwanao anajua."

Mama Mkaa akatazama ukuta.

"Zote?" Fundi aliuliza.

"Pindo za chini huwa naziacha. Za chini bado unapatia."

Mzee alikaa na neno hilo. Kamba hakumharakisha, magoti yalikuwa yanamuuma, akayaacha yaume. Aliwahi kuona mama yake akikaa hivyo, siku alipomwita mgeni kwa jina la mwanawe.

"Mwaka wa pili," Fundi alisema. "Na cherehani bado ipo dirishani."

"Ipo," mkamwana akajibu. "Nani angeitoa? Ila mimi nimechoka, baba. Kushona suruali moja mara mbili kunachosha."

Fundi akashusha pumzi, akavuta kamba mara moja, kama anayemwita mtu aliye ncha ya pili.

"Haya. Rudi kule ulikokuwa."

Safari hii Kamba aliificha kadi mgongoni kila mara, akaizungusha bila kuitazama, akaileta mbele jinsi ilivyoangukia. Kwa mita sita mkono wa Fundi haukunyooka. Ulibaki mapajani. Kwa mita tatu, vilevile. Kwa mita moja alisema kuna kitu cheupe, labda kadi, labda ukuta. Mama Tochi akawasha tochi, akainama, na Kamba akaona katikati ya kila jicho ule weupe kama tone la maziwa yaliyopoa.

"Mtoto wa jicho," Mama Tochi alisema. "Yote mawili. Amekomaa. Huyu hupasuliwa, mzee, na mtu akaona. Siwezi kukuahidi siku. Nakuandika."

"Kwa hiyo nimefeli."

"Umefeli vizuri sana," Mama Mkaa alimwambia kutoka kwenye benchi, na Fundi akacheka kwa pua, kicheko kifupi cha mtu asiyetaka kuonekana amecheka.

Gari lilikuja saa kumi, likapiga honi, likangoja. Dereva alikuja kuchungulia mara mbili, mara ya tatu akalala kwenye usukani. Walimaliza watu hamsini jua likizama nyuma ya mabati. Wasioona hawakuwa wawili tena, walikuwa saba. Yule bibi aliyepata tano alikuwa mmojawapo.

Mama Tochi alitazama ile namba kwa muda. "Kesho wa nane. Keshokutwa wa saba. Wakubwa nitawapigia mimi, nitajua la kuwaambia."

"Nitasema mimi, mama. Mkono ni wangu."

"Tutasema wote. Kunja kamba."

Kamba akaanza kuikunja, kiganja hadi kiwiko, kiganja hadi kiwiko, mpaka ikagoma. Akainua macho. Kule mwisho Fundi alikuwa bado ameshika fundo lake, amekaa kigodani, uso umeelekea aliko yeye, au karibu na aliko.

"Nimeandikwa?" aliuliza.

"Umeandikwa, mzee."

"Hawatasema sikuwepo?"

"Ulikuwepo. Nimekuona mwenyewe."

Mzee akaiachia kamba. Mkamwana akaja akamshika kiwiko, na safari hii Fundi hakumwambia amwache. Kamba akamalizia mizunguko miwili iliyobaki, akaitundika kamba begani, akaliendea gari kwa miguu ileile.